CV iseme mikono yako ilifanya nini

Ndugu vijana wa Nyakabere,

Wengi wetu tunatafuta kazi ya kufunga paneli za jua. Lakini CV zetu zote zinafanana: jina, shule, diploma, "najua kompyuta". Mwenye kutafuta fundi haulizi ulipata asilimia ngapi. Anauliza kama bati halitavuja na nyumba haitaungua.

Basi usiandike "nina uzoefu wa sola". Andika: "Nilifunga paneli 2 za wati 100 kwa paralele, betri 1 ya volti 12, regulata, fyuzi na taa 6." Weka mwezi, mwaka na mtaa. Sema uliziinamisha kuelekea kaskazini, kwa sababu sisi tuko kusini ya ikweta. Ulipita INPP? Taja somo na muda. Weka namba ya mwenye nyumba, ukishamuomba ruhusa. Na kama ulisaidia tu kuvuta waya, andika hivyo hivyo. Uongo wa karatasi unaweza kuchoma nyumba ya mtu.

Sisi wenye lisanse tuko wengi, tunakaa tu. Jirani aliyeisha kufunga nyumba kumi hana hata karatasi moja. Tukae naye: atufundishe kushika waya, na sisi tumuandikie CV.

Halafu siku kazi inatolewa kwa kujuana, tutasimama na kuuliza, karatasi mkononi: huyu muliyemuchukua alifunga nini, na huyu muliyemuacha alifunga nini?