Kilomita Chache, Saa Nyingi: Safari kati ya Louisville, Columbus na Buffalo

Mtu akiulizwa umbali wa mji hutaja kilomita, ilhali anachohitaji msafiri ni saa. Hesabu hizo mbili hazilingani daima. Miji mitatu ya Marekani, yaani Louisville katika jimbo la Kentucky, Columbus katika Ohio na Buffalo katika New York, inalithibitisha hilo.

Katika ramani miji hiyo ni majirani. Kwa mstari ulionyooka, Louisville na Columbus zimeachana kwa takriban kilomita 300, na Columbus na Buffalo kwa kilomita 470 hivi. Ndege ya abiria, ikishatulia angani, huenda kasi ya kilomita 800 kwa saa au karibu na hapo. Kila safari ingekwisha kwa muda wa saa moja tu.

Lakini ndege hufuata biashara, haifuati ramani. Tangu sheria ya mwaka 1978 ilipoyaachia mashirika ya Marekani uhuru wa kujipangia njia na nauli, mengi ya makubwa hukusanya abiria katika vituo vikuu vichache. Msafiri wa Louisville aendaye Buffalo, upande wa kaskazini, huweza kupelekwa kwanza Charlotte, upande wa kusini, akasubiri huko ndege ya pili. Ukijumlisha muda wa ukaguzi na wa kusubiri, nusu ya siku imepotea.

Barabara haina mzunguko huo. Barabara kuu nambari 71 huanzia Louisville, hupitia Columbus na kuishia Cleveland. Kutoka hapo nambari 90 hufuata ufuo wa Ziwa Erie hadi Buffalo. Louisville hadi Columbus ni kilomita 340 hivi, kama Nairobi hadi Kisumu, mwendo wa saa 3 na nusu. Columbus hadi Buffalo ni takriban kilomita 530, zaidi kidogo ya Nairobi hadi Mombasa, mwendo wa saa 5.

Jambo hili huwagusa Waafrika Mashariki wengi. Miji yote mitatu imepokea wakimbizi kutoka Somalia na Kongo, wakiwemo Wabantu wa Somalia waliohamishwa kutoka kambi ya Kakuma, nchini Kenya, katika miaka ya 2000. Watu wa ukoo mmoja hujikuta katika majimbo tofauti. Ukitokea msiba, mazishi ya Kiislamu hayangoji. Jamaa hujaza gari na kupokezana usukani usiku kucha. Hatari yake ni majira ya baridi. Dhoruba ya theluji ya Desemba 2022 iliua makumi ya watu katika eneo la Buffalo, ikafunga barabara na uwanja wa ndege kwa siku kadhaa.

Uwanja wa ndege wa Columbus una jina la John Glenn, mwanaanga wa Ohio. Tarehe 20 Februari 1962 aliizunguka dunia mara tatu kwa muda usiotimia saa 5, akazungumza njiani na kituo cha mawasiliano kilichokuwa Zanzibar. Kwa muda huo huo, abiria anayeondoka leo katika uwanja wenye jina lake huenda asiwe amefika Buffalo.