Mgonjwa na Mashine



Mwezi Desemba, 1922 hadi 2022, ni muda wa miaka mia moja, na katika muda huo madaktari wamepokea vyombo vingi vipya bila ya mgonjwa kuulizwa neno. Kwa akili mnemba, yaani kompyuta iliyofunzwa kutambua maradhi, mgonjwa ameulizwa. Desemba, 2022, taasisi ya Pew Research Center iliwahoji watu wazima 11,004 wa Marekani. Katika kila 100, watu 60 walisema kwamba wangeingiwa na wasiwasi iwapo daktari wao angeitegemea mashine hiyo. 39 tu ndio ambao wangeridhika.

Wapo wataalamu wanaodai kwamba huo ni woga wa watu wasioelewa mambo. Dai hilo halina haki. Watu hao hao walipoulizwa juu ya kupimwa saratani ya ngozi, 65 katika kila 100 waliitaka mashine. Walipoulizwa kama wangezungumza na kompyuta wanapohitaji msaada wa maradhi ya akili, 79 walikataa. Hapo pana mizani iliyopimwa vyema: doa la ngozi lahitaji jicho kali, na jicho la pili halimdhuru mtu, lakini aliyevunjika moyo humtafuta binadamu mwenziwe.

Jicho hilo la pili limekwisha kujaribiwa. Nchini Sweden, kuanzia 2021, wanawake zaidi ya 80,000 waliopigwa picha za matiti waligawanywa mafungu mawili. Katika fungu lililosaidiwa na kompyuta, kazi ya madaktari ya kusoma picha ilipungua kwa asilimia 44, na saratani zilizogunduliwa hazikupungua. Yafaa ikumbukwe kwamba kila picha bado ilisomwa na daktari.

Hata hivyo, hofu ya umma ina sababu zake. Mwaka 2019 jarida la Science lilifichua habari za programu iliyotumiwa sana Marekani kuchagua wagonjwa wa kupewa uangalizi zaidi. Programu hiyo haikuambiwa nani mweusi, nani mweupe. Ilipima ugonjwa kwa fedha zilizotumika kumtibu mtu. Na kwa kuwa Weusi walikuwa wakitumiwa fedha kidogo, Mweusi alilazimika kuugua zaidi ndipo ahesabiwe sawa na Mweupe. Dhuluma ya zamani ikavikwa joho la hesabu. Watafiti waliona kwamba, kosa hilo likirekebishwa, Weusi miongoni mwa wateuliwa wangepanda kutoka asilimia 17.7 hadi 46.5.

Wenye kuuza mashine hizo hupenda kusifu kasi. Katika mahojiano yale yale ya Marekani, watu 75 katika kila 100 walihofia kwamba hospitali zitaharakisha mno kabla ya hatari kujulikana. Waliohofia kucheleweshwa walikuwa 23.