Bei ya Ng'ombe na Fedha Zetu za Misiba

(Haya ni mazungumzo niliyotoa kwenye mkutano wa chama chetu hapa Kansas. Wengi ambao hawakuwepo wameomba niyaweke hapa, nami nimeyaandika karibu kama nilivyosema.)



Nimepewa dakika kumi na tano nizungumze juu ya ng'ombe. Najua wapo wanaojiuliza nesi ana habari gani za ng'ombe. Nimekulia Longido, kwa hiyo ng'ombe niliwajua kabla sijajua kalamu. Lakini nimeomba nafasi hii kwa sababu nyingine. Kamati imeleta pendekezo kwamba dola 30,000 zilizopo kwenye mfuko wetu zitolewe, tukope benki dola 50,000 nyingine, tununue mitamba ishirini wenye mimba kutoka kwa mzee mmoja mfugaji anayestaafu, na yeye atukodishie malisho. Hoja ya kamati ni kwamba bei ya ng'ombe Marekani haijawahi kuwa juu namna hii, na mwenye macho haambiwi tazama.

Kuhusu bei wana haki kabisa, hilo sibishani nalo. Mwaka 2025 ng'ombe aliyenenepeshwa tayari kwa kuchinjwa alipita dola 240 kwa kila paundi mia za uzito wake akiwa hai. Ndama dume wa paundi mia tano na kitu aliuzwa zaidi ya dola nne kwa paundi. Sisi wanunuzi wa dukani tuliona nyama ya kusaga ikivuka dola sita. Swali langu ni moja tu: bei hii itadumu kwa muda gani, na je, itadumu kuliko deni letu?

Kwanza tuulize imetoka wapi. Haikutokea kwa sababu wafugaji wamefanya jambo jema. Ukame ulioanza 2020 ukaendelea miaka kadhaa ulikausha malisho ya nyanda hizi, nyasi kavu zikawa ghali, na wafugaji wakapeleka majike wao machinjioni kwa sababu hawakuwa na cha kuwalisha. Januari 2025 Marekani nzima ilihesabu ng'ombe milioni 86.7, idadi ndogo kuliko zote tangu 1951. Januari 2026 hesabu ikashuka tena kidogo hadi milioni 86.2. Juu ya hapo, Mexico ambayo kwa kawaida huleta zaidi ya ndama milioni moja kwa mwaka ilifungiwa mpaka kwa sababu ya inzi yule ambaye funza wake hula nyama ya mnyama aliye hai. Mpaka ulifungwa Novemba 2024, ukafunguliwa Februari 2025, ukafungwa Mei, ukafunguliwa kidogo Julai, ukafungwa tena ndani ya siku chache. Septemba 2025 inzi huyo alionekana Nuevo León, chini ya maili 70 kutoka mpaka wa Texas.

Kwa hiyo bei kubwa tunayoiona ni kipimo cha ng'ombe ambao hawapo. Wa kwetu tulioona ukame wa 2009 kule Longido, Monduli na Ngorongoro hatuhitaji kuelezwa hili. Ng'ombe walikufa mpaka mizoga ikazoeleka njiani. Mvua ziliporudi, bei mnadani ikapanda, watu wa mjini wakasema wafugaji sasa ni matajiri. Tajiri yupi? Baba mdogo wangu alikuwa amebakiwa na majike wanne, na hakuna mtu mwenye majike wanne anayekwenda kuuza hata mmoja.

Sasa, je, itadumu? Tumtazame mnyama mwenyewe, maana hapa ndipo wengi wanapokosea. Kiwanda cha nguo kikipata soko, kinaongeza zamu na wiki ijayo nguo zipo. Ng'ombe hana zamu. Chukua mtamba aliyezaliwa majira ya kuchipua ya 2026. Mfugaji akiamua vuli hii asimuuze bali amweke azae, atapandwa katikati ya 2027 akiwa na miezi kumi na mitano hivi, atabeba mimba miezi tisa, atazaa 2028. Ndama wake ataachishwa kunyonya vuli ya 2028, apelekwe kunenepeshwa, na nyama yake ifike dukani 2029. Na kuna jambo lingine: mtamba anayebakizwa zizini ni mtamba ambaye hakwenda machinjioni. Yaani dawa ya uhaba, siku unayoanza kuitumia, huuzidisha uhaba. Ndiyo maana bei haitashuka haraka kwa njia ya uzazi. Wafugaji bado wanabakiza mitamba kwa kusitasita, maana riba iko juu, ardhi ni ghali, na sensa ya kilimo ya 2022 ilikuta wastani wa umri wa mkulima wa nchi hii umepita miaka 58. Mtu wa umri huo akipewa dola elfu mbili na zaidi kwa ndama mmoja, anazipokea.

Basi nikiulizwa, nasema bei nzuri inaweza kuendelea 2027, pengine na 2028. Hapo mimi na kamati tuko pamoja.

Tunatengana baada ya hapo. Mkopo tunaotaka kuchukua ni wa miaka mitano. Unaanza 2026 na kumalizika 2031. Nusu ya pili ya deni letu inaangukia pale pale ambapo ndama wa mitamba wanaobakizwa sasa wataanza kujaa sokoni. Na hili si jambo la kubuni, limetokea mbele ya macho ya watu walio hai. Baada ya ukame wa 2011 na 2012 ng'ombe walipungua, na mwishoni mwa 2014 bei ya ng'ombe wa kuchinja ilifika dola 170 hivi kwa paundi mia. Watu walisema maneno haya haya tunayosema leo, wakanunua mitamba kwa bei ya juu, wakakopa. Oktoba 2016 bei ilikuwa karibu na dola 100. Miaka miwili tu! Na bei ya ndama ilianguka kwa kishindo zaidi kuliko ya ng'ombe wa kuchinja, na ndama ndiyo bidhaa tutakayouza sisi.

Nimefanya hesabu kwenye karatasi, mwenye kalkuleta anisahihishe. Mitamba ishirini kwa dola 4,000 kila mmoja ni 80,000. Tuseme tunapata ndama kumi na saba wa kuuza, kwa sababu si kila jike huzaa na si kila ndama hufika kuachishwa. Kwa dola 2,200 kila ndama tunapata 37,400. Malisho, nyasi za baridi, chanjo, madini na dume, nimeweka dola 1,000 kwa kila jike kwa mwaka, na hapo nimekuwa mpole. Zinabaki 17,400. Benki mwaka wa kwanza, kwa riba ya asilimia 8, itachukua 10,000 za mtaji na 4,000 za riba. Tunabaki na 3,400. Hayo ndiyo matunda ya mwaka mzuri, kwa bei ambayo haijawahi kuonekana. Sasa ndama akishuka hadi 1,200: tunapata 20,400, gharama 20,000, zinabaki dola mia nne. Benki bado haijagonga mlango. Na yule jike tuliyemnunua 4,000 hakuna atakayemtaka kwa nusu yake.

Na bei si lazima ingoje 2029. Mpaka wa Mexico ukifunguliwa ng'ombe wakapita kama zamani, uhaba wa ndama utapungua mara moja. Oktoba 2025 Rais Trump alisema tu kwamba nyama zaidi inunuliwe Argentina, na bei za mikataba ya soko zikaanguka kabla hata kontena moja halijapakiwa. Wafugaji waliompigia kura walikasirika sana. Novemba mwaka huo ushuru wa ziada kwa nyama ya Brazil ukaondolewa. Sisemi ni sera mbaya, maana na mimi nalisha watoto watatu. Nasema bei yetu ingekuwa mikononi mwa mtu anayetazama bei ya nyama ya kusaga na tarehe ya uchaguzi.

Kuna ndugu mmoja ameniambia hoja nzuri ambayo sikuitegemea. Anasema wengi wetu humu tunafanya kazi viwanda vya nyama. Ng'ombe wakiwa adimu, viwanda vinapata hasara na kupunguza saa zetu, kwa hiyo tukiwa na ng'ombe, tunachopoteza kiwandani tunakipata zizini. Nilikaa na hoja hiyo usiku mzima wa zamu. Ni kweli kwamba tumeshabeba hatari ya ng'ombe. Novemba 2025 Tyson ilitangaza kufunga kiwanda cha Lexington, Nebraska, watu 3,200 katika mji wa watu kama 11,000, na kubakiza zamu moja Amarillo. Kliniki ninapofanya kazi nawaona wale wale waliokuja mwaka juzi vidole vimekufa ganzi kwa kushika kisu, sasa wanakuja kwa presha kwa sababu wiki imekuwa ya siku nne. Mume wangu ni mmoja wao. Lakini hoja ile ilimfaa aliyenunua mtamba mwaka 2020 kwa dola elfu moja na kitu. Anayenunua leo ananunua kinga mvua ikiwa imeshanyesha nusu.

Nisieleweke vibaya. Sipingi watu wetu kumiliki mifugo hapa. Ingekuwa fahari yangu. Wenye fedha zao binafsi, bila mkopo, waanze na ndama wachache wa kunenepesha wakati wa nyasi na kuuza baada ya miezi sita, ili kama bei inaanguka iwakute wakiwa wepesi. Na wakati mitamba wanauzwa bei ya hasira, kama 2016, hapo ndipo chama kiwe na akiba mkononi.

Fedha hizi za sasa lakini zina jina. Ni za misiba. Mwaka jana tulisafirisha marehemu wawili nyumbani, mnajua ilichukua kiasi gani na tulikuwa na siku ngapi. Mimi kazi yangu ni kukaa na watu wanaokufa, na sijaona hata mmoja aliyesubiri siku ya mnada.

Kabla ya kupiga kura naomba kamati irudi kwa yule mzee mfugaji imuulize swali moja kwa heshima. Ana miaka zaidi ya arobaini katika kazi hii, na ameyapitia ya 2014 na 2016. Mwanawe yupo, ana afya, anaendesha trekta. Kwa nini mitamba hao ishirini anatuuzia sisi badala ya kumwachia mwanawe?