Jinsi Bingwa wa Ngumi Ajulikanavyo

Leo twataka kuzungumza nanyi habari za mchezo wa ngumi. Hatutasema jinsi ngumi ipigwavyo, kwa maana hilo vijana wetu hujifunza bila mwalimu. Twataka kusema neno liletalo ubishi mwingi barazani, nalo ni hili: mtu akiitwa bingwa wa dunia, ni nani aliyempa jina hilo, na kwa haki gani?

Katika mbio jambo hili ni jepesi. Wakimbiaji husimama mstari mmoja, na atanguliaye kufika ndiye mshindi. Hata asiyeona aweza kujua kwa kelele za watu. Lakini wapiga ngumi wa dunia hawawezi kukutana wote. Apiganaye kwa ujira, akiisha kuwa mtu mkubwa katika mchezo, hupigana mara mbili au tatu kwa mwaka, na pengine mara moja tu, kwa sababu mwili wa mwanadamu si ngoma ya kupigwa kila jioni. Kwa hiyo wengi huhesabiwa kuwa juu ya wenzao au chini yao, wala hawajakutana nao hata siku moja. Hapo ndipo penye mashaka yote.

Tuanze na mizani, kwa kuwa mizani ndiyo sehemu iliyo nyofu kuliko zote. Sheria ziitwazo za Queensberry, zilizotolewa Uingereza mwaka 1867, ndizo zilizoleta glovu, na raundi za dakika 3 zenye pumziko la dakika 1, na kumhesabia aliyeanguka mpaka 10. Walakini habari ya uzito ilikuwa bado ovyo. Daraja moja ilikuwa na kipimo hiki mji huu, na kipimo kingine mji wa pili, kama walivyotaka walioandaa pigano. Mwaka 1909 chama cha London kiitwacho National Sporting Club kiliweka daraja 8 zilizokubaliwa. Ya chini ni uzito wa Nzi, ambao mwisho wake ni ratili 112, yaani karibu kilo 51. Kisha Bantamu, jina la kuku wadogo wapendao kupigana, ratili 118. Unyoya, ratili 126. Mwepesi, ratili 135. Welta, ratili 147. Kati, ratili 160. Mzito-mwepesi, ratili 175. Na mwisho Mzito, ambao hauna mpaka. Tangu siku hizo daraja nyingine zimepachikwa katikati, hata leo ni 17 au zaidi, na pengine tofauti ya daraja na daraja ni ratili 3 au 4 tu, uzito wa kuku mdogo mmoja.

Ninyi mliopeleka pamba au kahawa sokoni mwajua ya kuwa mizani haijui mtu. Ndivyo ilivyo hapa pia. Wapiganaji hupimwa siku moja kabla ya pigano, mbele ya watu, na aliyezidi hupewa saa chache apunguze. Asipoweza, hawezi kupata ubingwa hata akishinda. Na kama yeye ndiye bingwa, huvuliwa mkanda pale pale juu ya mizani, kabla ngumi moja haijarushwa. Luis Nery wa Mexico alikuwa bingwa wa uzito wa Bantamu. Alikwenda Tokyo kupigana na Shinsuke Yamanaka. Tarehe 28 Februari 2018 alipimwa akazidi, akapewa nafasi ya pili, akazidi tena kwa ratili karibu 3. Akavuliwa mkanda. Siku ya pili yake alimpiga Yamanaka katika raundi ya pili, wala hakupata kitu, na Yamanaka naye hakupata. Kiti cha ubingwa kikabaki kitupu.

Basi mizani yatuambia ni nani wawezao kupigana kwa haki. Haituambii ni nani aliye mkubwa wao. Kazi hiyo hufanywa kwa orodha, na orodha huandikwa na watu.

Gazeti la Marekani liitwalo The Ring, lililoanzishwa mwaka 1922, lilianza kuchapa orodha ya wapiganaji wa kila daraja mwaka 1925, na wasomaji wakaipenda sana. Siku hizi yako mashirika manne yenye nguvu, na kila moja lina orodha yake na mkanda wake. La kwanza ni WBA, lililotokana na chama cha Marekani cha mwaka 1921, likachukua jina lake la sasa mwaka 1962. La pili ni WBC, lililoundwa Mexico mwaka 1963. La tatu ni IBF la mwaka 1983, na la nne WBO la mwaka 1988. Hakuna serikali iliyoyapa mashirika haya mamlaka juu ya dunia. Nguvu yao ni kwamba watu wayakubali. Na chakula chao ni fungu la fedha wanalolipwa kila mkanda wao unapopiganiwa. Msikilizaji mwenye akili ataona upesi kwa nini mikanda imezidi kuwa mingi.

Orodha yenyewe huandikwa hivi. Juu hukaa bingwa, na chini yake hufuata majina kwa hesabu, wa 1, wa 2, wa 3, na kuendelea. Kwa desturi asiyekuwamo katika 15 wa kwanza haruhusiwi kuupigania mkanda. Fikirini basi maana yake kwa kijana maskini wa Morogoro au Nakuru: kati ya nafasi ya 15 na ya 16 pana mlango, na aliye nje ya mlango hata akiwa na mikono ya chuma hataitwa. Tena mashirika humlazimisha bingwa, kila muda uliowekwa ukitimia, kupigana na yule aliyewekwa kuwa wa kwanza kumdai. Sheria hii twaiona kuwa njema kwa asili yake, kwa maana pasipo hiyo bingwa angechagua wanyonge mpaka azeeke. Lakini kila shirika humweka mdai wake, na bingwa ni mmoja, wala hawezi kuwa mahali pawili.

Tutazameni yaliyotokea mwaka 1978. Mwezi wa Februari Leon Spinks alimshinda Muhammad Ali huko Las Vegas, akawa bingwa wa uzito Mzito. WBC likamwambia apigane na Ken Norton, mdai wake. Spinks akapenda kurudiana na Ali. Ndipo WBC likamvua mkanda, likampa Norton, ambaye hakupanda ulingoni siku hiyo wala siku ya karibu. Likasema ya kwamba pigano alilomshinda Jimmy Young mwezi wa Novemba 1977 lihesabiwe kuwa lilikuwa la ubingwa. Mwezi wa Juni Norton akapigana na Larry Holmes raundi 15, akashindwa kwa alama chache sana. Hivyo mtu huyu alipigania ubingwa wa dunia ulingoni mara 3, mbele ya George Foreman mwaka 1974, mbele ya Ali mwaka 1976, na mbele ya Holmes. Akashindwa zote 3. Na jina lake limo katika hesabu ya mabingwa. Wala tusimdharau, kwa kuwa mwaka 1973 alimshinda Ali na kumvunja taya. Alikuwa mpiganaji hodari. Ila ubingwa wake ulitoka mezani.

Na meza yaweza kukosea vibaya kuliko hivyo. Darrin Morris wa Marekani alifariki mwezi wa Oktoba 2000. Jina lake lilikuwamo katika orodha ya WBO, na mwanzoni mwa mwaka 2001, hali yu kaburini, alipandishwa daraja. Watu walicheka, lakini kicheko hicho kilikuwa na uchungu, maana kila nafasi aliyopanda marehemu alishushwa mtu aliye hai. Tena mwaka 1999 rais wa kwanza wa IBF alishtakiwa katika korti ya Marekani kwamba alipokea fedha ili kupandisha wapiganaji. Mwaka 2000 aliachiliwa mashtaka mengi na kuonekana ana hatia katika baadhi yake, kisha akahukumiwa kifungo cha miezi 22.

Je, hapana njia iliyo safi zaidi? Iko, nayo ni ile ya Olimpiki. Huko wa uzito mmoja huwekwa wote pamoja, wakapigana wawili wawili, ashindwaye hutoka, mpaka abaki mmoja. Mwaka 1988 huko Seoul, Robert Wangila wa Kenya aliingia katika uzito wa Welta, akawapita wote waliowekwa mbele yake, na katika pigano la mwisho akamwangusha Laurent Boudouani wa Ufaransa raundi ya pili. Hakuwa na haja ya orodha ya mtu. Ndiye Mkenya wa kwanza kupata dhahabu ya ngumi katika Olimpiki. Baadaye aliingia katika mapigano ya ujira, na mwezi wa Julai 1994 alikufa kwa jeraha la kichwa alilopata ulingoni Las Vegas. Twalitaja jambo hili ili mwone kwa nini si mchezo kuandika fulani alingana na fulani.

Walakini njia ya Olimpiki haiwezekani kwa mapigano marefu ya ujira, kwa kuwa mtu aliyepigana raundi 12 hawezi kurudi ulingoni baada ya siku tatu. Kwa hiyo orodha itakuwapo. Wengine siku hizi hutumia mashine ya hesabu, ambayo huangalia umemshinda nani, na huyo alimshinda nani. Mwezi wa Septemba 2018 Hassan Mwakinyo wa Tanzania alikwenda Birmingham, akamshinda Sam Eggington katika raundi ya pili, na katika hesabu ya namna hiyo akapanda ngazi nyingi sana kwa usiku mmoja. Mashine haikujali kwamba wachache Uingereza walijua jina lake.

Tumalize na habari ya mikanda minne kukutana. Tarehe 18 Mei 2024, huko Riyadh, Oleksandr Usyk wa Ukraine alimshinda Tyson Fury wa Uingereza, akaikusanya mikanda yote minne ya uzito Mzito. Tangu Lennox Lewis mwaka 1999 uzito huo ulikuwa haujapata bingwa mmoja asiye na mwenzake. Mwezi wa Juni mwaka ule ule Usyk aliuacha mkanda wa IBF, kwa kuwa alikuwa amefungwa na mapatano ya kurudiana na Fury, na IBF lilikuwa na mdai wake. Mkanda akapewa Daniel Dubois, mtu ambaye Usyk mwenyewe alimwangusha mwezi wa Agosti 2023 huko Poland. Kwa muda wa mwaka mmoja na zaidi Dubois aliitwa bingwa wa dunia, na aliyempiga aliitwa bingwa wa dunia. Tarehe 19 Julai 2025 walikutana tena London, uwanjani Wembley, na raundi ya tano Usyk akamwangusha mara ya pili.