Moyo wa Kuinuka Tena



Leo tunatimiza miaka 10. Mweka hazina amekwisha kusoma hesabu za hisa na mikopo. Sisi tumetumwa kusema juu ya jambo lisiloandikwa daftarini: kwa nini tukifikwa na msiba au hasara, mmoja huinuka upesi na mwingine hubaki chini?

Zamani tulijibu haraka: "Yule ana moyo, huyu mlegevu." Mwenzetu mmoja aliunguliwa na kibanda chake cha chakula, akashindwa kurejesha mkopo, akaacha kuja vikaoni. Tukasema hana msimamo. Jamani, tulikosea.

Wataalamu wa saikolojia wanakubali kwamba tabia ina nafasi yake. Mtu wa bidii na utaratibu, au anayechangamana na watu, kwa kawaida huhimili misukosuko kuliko yule anayeingiwa upesi na wasiwasi. Lakini tabia si hukumu.

Kule Hawaii, katika kisiwa cha Kauai, mtafiti Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955, mpaka wakafika umri wa miaka 40. Kati ya wale waliokulia kwenye dhiki nyingi, theluthi moja hivi walikuwa watu wazima imara. Wengi wao walikuwa wachangamfu tangu utotoni, ni kweli. Lakini pia walikuwa na mtu wa kuwashika mkono, kama bibi, shangazi au mwalimu. Tena wengi waliopotoka ujanani walikuja kutengemaa ukubwani, baada ya kurudi kusoma, kupata mwenzi mtulivu, au kujiunga na jumuiya ya dini.

Na sisi tuliyaona hayo hapa hapa. Wanne wetu walimwendea yule mwenzetu nyumbani, si kumdai, bali kukaa naye. Tukampangia marejesho madogo madogo. Ilichukua miezi 14, akamaliza. Na ule wasiwasi wake tuliokuwa tukiucheka? Leo ndio unaotulindia sanduku: hakuna anayehesabu fedha mara tatu kama yeye.

Akina mama, kila mtu amekuja na tabia yake. Mwoga, mcheshi, mkimya, wote tuna kazi humu. Asiyeonekana vikao viwili, tusimsengenye, tumwendee. Kidole kimoja hakivunji chawa.