Adui Hulala Udongoni: Mazungumzo kwa Wakulima wa Bura

Haya ni maandishi ya mazungumzo kuhusu wadudu waharibifu na afya ya udongo, yaliyoandaliwa kwa ajili ya wakulima na wafugaji wa wadi ya Bura, kaunti ndogo ya Fafi.

 

Mazungumzo ya leo yana jambo moja. Mkulima akikuta funza ndani ya embe, kiwavi ndani ya mhindi au nzige kwenye malisho, huangalia juu: kwenye tunda, kwenye jani, angani. Huko juu ndiko hasara inakoonekana. Lakini wadudu hawa watatu, ambao hawafanani kwa sura wala kwa chakula, wana tabia moja: kila mmoja wao lazima apitie udongoni kabla ya kuongezeka. Anayeujua udongo wake anajua mahali pa kumvizia adui.

Tuanze na nzige wa jangwani. Mwishoni mwa Desemba 2019 makundi yake yalivuka kutoka Somalia na kuingia kaskazini mashariki mwa Kenya. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilisema Kenya haikuwa imeona uvamizi wa kiasi kile kwa miaka 70. Watu walipiga madebe, nzige wakaruka, wakatua kwa jirani. Kelele hazikugusa kilichobaki chini. Nzige jike huchomeka mkia wake kwenye mchanga wenye unyevu na kuacha mayai yake humo, sentimita 10 hivi chini ya ardhi. Baada ya wiki mbili hivi hutoka tunutu wasio na mabawa. Hao hawawezi kupaa angani, na ndio wakati ambapo ni rahisi kuwamaliza. Kwa hiyo mfugaji anayeona nzige wakitaga na kutoa habari mapema siku ile ile amefanya kazi kubwa kuliko ndege ya kunyunyizia dawa inayokuja mwezi mmoja baadaye.

Wa pili ni kiwavijeshi vamizi. Asili yake ni bara la Amerika. Alithibitishwa Afrika Magharibi mwaka 2016, akafika Kenya mwaka 2017, na Januari 2019 alikuwa ameingia mkoa wa Yunnan nchini China. Nondo wake husafiri na upepo usiku na hutaga mayai kwa mafungu kwenye majani. Kiwavi hula moyo wa mhindi na kuacha kinyesi kama unga wa mbao. Akishiba hushuka, hujichimbia sentimita chache udongoni na kujifunika kwa ganda la kahawia. Siku nane au tisa baadaye, joto likiwepo, hutoka akiwa nondo. Bura haina upungufu wa joto.

Wa tatu ndiye anayewauma zaidi wenye miembe ya kando ya Tana: nzi wa matunda kutoka Asia. Watafiti wa kituo cha icipe, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, walimgundua pwani ya Kenya mwaka 2003. Jike mmoja anaweza kutaga mayai zaidi ya 1,000 katika maisha yake, akiyaingiza chini ya ganda la tunda. Embe kwa nje linaonekana zima, kumbe ndani limeoza. Kwa sababu yake Kenya ilijizuia yenyewe kupeleka maembe Ulaya mwaka 2014, na soko hilo halikufunguliwa tena hadi mwaka 2021. Sasa tazameni njia yake. Embe lenye funza huanguka mapema. Funza hutoka ndani ya tunda, huingia kwenye udongo uliopo hapo hapo chini ya mti, na baada ya siku 10 hivi hutoka nzi mpya. Embe bovu moja lililoachwa chini linaweza kutoa nzi kadhaa wa kuvamia maembe mazuri yaliyobaki mtini. Ua wa miiba huzuia mbuzi, hauzuii nzi. Shamba moja lisilosafishwa ni hasara ya majirani wote.

Wengine watasema: kama adui yumo udongoni, basi udongo upigwe dawa, majani yachomwe, ardhi ibaki nyeupe. Hapo ndipo kosa lilipo. Udongo hauna maadui peke yao. Una sisimizi na siafu wanaobeba mabuu, una mende wawindaji, na una ukungu usioonekana kwa macho unaoua wadudu. Mmoja wa ukungu huo, uitwao metarizimu, umefanyiwa kazi na icipe hadi ukawa dawa ya kutia udongoni chini ya miembe, uwakute funza wa nzi wanapojichimbia. Ndugu yake ulitumika kwa nzige nchini Somalia mwaka 2020, mahali ambapo sumu za kemikali zingeweza kudhuru mifugo na nyuki. Udongo mkavu, uliochomwa na kuachwa uchi juani, huwaua walinzi hawa. Udongo wenye kivuli, samadi na majani yanayooza huwatunza.

Elimu hii si ngeni duniani. Kitabu cha Ji Han, kinachohesabiwa kuwa cha mwaka 304, kinaeleza kwamba watu wa kusini mwa China walinunua sokoni viota vya chungu na kuvitundika kwenye michungwa ili wale wadudu waharibifu. Jamaa wa chungu hao wapo Afrika Mashariki, na watu wa pwani huwaita maji moto kwa jinsi wanavyouma. Miaka ya 1950 watafiti Zanzibar waliona kwamba minazi yenye maji moto ilikingwa na mdudu anayeangusha nazi changa. Mkulima anayewakuta kwenye mwembe wake afikiri mara mbili kabla ya kuwachoma moto.

China ya leo nayo ina somo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulifuatilia mashamba ya pamba katika sehemu 36 za mikoa sita ya kaskazini, kuanzia 1990 hadi 2010. Wakulima walipopanda pamba inayojikinga na funza wa vitumba, walipunguza kunyunyizia dawa. Buibui na wadudu wengine wawindaji wakaongezeka, vidukari wakapungua, na faida ikafika hata kwenye mazao mengine ya jirani. Dawa inayopigwa ovyo huua askari pamoja na mwizi. Mwizi ndiye anayerudi kwanza. Hapa kwetu kuna sababu ya ziada: sumu inayotiririka kutoka shambani huingia Tana, na maji hayo hayo hunywewa na watu, ngamia na ng'ombe.

Msitu wa kando ya mto ndio ghala la walinzi hawa. Mikuyu, migunga na mikoma hudondosha majani, hushika ukingo wakati wa mafuriko kama yale ya mwaka 2024, na huwapa makao ndege na nyuki. Mgunga, kama mimea mingi ya jamii ya kunde, husaidia kurudisha naitrojeni ardhini. Thamani ya mchanganyiko huo imepimwa. Mkoani Jiangxi, China, watafiti walipanda kuanzia mwaka 2009 viwanja vya mti wa aina moja na viwanja vya aina nyingi. Baada ya miaka minane, viwanja vya aina 16 vilikuwa vimehifadhi kaboni zaidi ya mara mbili ya wastani wa vile vya aina moja. Watu wa Bura hawahitaji kwenda Jiangxi kuona upande wa pili wa habari hiyo. Ng'ambo ya mto, kwenye mradi wa umwagiliaji, mathenge ulipandwa miaka ya 1980 kwa ajili ya kuni. Leo umetambaa hadi kufunga njia za mifugo, na pale ulipoota peke yake miti mingine na nyasi hazipati nafasi.

Kwa hiyo mambo ya kufanya ni haya:

1. Maembe yaliyoanguka yaokotwe angalau mara mbili kwa wiki, pamoja na yale yenye alama ya kuchomwa mtini. Yafungwe kwenye mfuko mzito au pipa lenye kifuniko juani kwa wiki moja, au yafukiwe kina cha nusu mita au zaidi. Kuyatupa kwenye shimo lililo wazi ni kuwalea nzi.

2. Kinachookotwa ni tunda, si jani. Majani yaachwe chini yaoze.

3. Mahindi yakaguliwe asubuhi mara mbili kwa wiki tangu yanapoota. Mafungu ya mayai yapondwe kwa vidole. Penye maji ya umwagiliaji, desmodiamu inaweza kupandwa kati ya mistari na nyasi ya brakiaria pembezoni. Katika majaribio ya icipe njia hii ilipunguza viwavijeshi kwa zaidi ya asilimia 80, na desmodiamu hurutubisha udongo.

4. Dawa iwe ya mwisho. Inunuliwe baada ya afisa wa kilimo kumwona mdudu, isipigwe ukingoni mwa mto, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna zifuatwe.

5. Miti ya ukingoni isikatwe kwa mkaa wala kwa kupanua shamba. Palipo wazi ipandwe miti ya asili ya aina kadhaa.

6. Majirani wafanye usafi wa mashamba siku moja. Mmoja akisafisha na wanne wakaacha, nzi hana hasara.

Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji mtaji mkubwa. Linalohitajika ni watu kukubaliana, na kuinama. Msimu ujao wa maembe utaamuliwa na yaliyoanguka msimu huu.