Rangi Nyeupe Inapobambuka: Mazungumzo Kuhusu Gari la Kazi

Nazungumza kutoka Houston, katika jimbo la Texas, kusini mwa Marekani. Leo ningependa tuzungumze kuhusu jambo ambalo huenda likaonekana dogo kwa mtu anayekwenda kazini kwa treni, lakini kwa fundi anayebeba vyombo vyake vyote nyuma ya gari, si dogo hata kidogo. Jambo lenyewe ni kubambuka kwa rangi ya kiwandani katika yale magari meupe ya kazi, yaliyofungwa bodi kama sanduku, ambayo hapa nitayaita veni.

Ukisimama asubuhi kando ya barabara kuu yoyote ya mji huu utayaona yakipita moja baada ya jingine: ya mafundi umeme, ya wasafishaji wa mazulia, ya wapeleka vifurushi, ya mafundi bomba kama mimi. Karibu yote ni meupe. Mwenye kampuni huagiza gari jeupe kwa kuwa ndilo la bei nafuu, halishiki joto kama jeusi, jina la kampuni husomeka vizuri ubavuni, na siku ya kuliuza halimchagulii mnunuzi. Sasa inua macho utazame mapaa yake. Katika yale yaliyopita miaka sita au saba utaona mabaka ya kijivu juu ya kioo cha mbele, kwenye boneti na kando ya milango, na pembeni mwa mabaka hayo magamba meupe yanayopepea gari likienda kasi.

Langu lilianza kwa alama isiyozidi ukucha. Nilidhani ni jiwe la barabarani. Siku moja nikaliosha kwa mashine ya maji ya kasi, na pale pale kipande kikubwa kama kiganja kikaruka na kuanguka miguuni pangu. Nilikiokota, nikakikunja, nacho hakikuvunjika. Upande wake wa ndani ulikuwa laini kama karatasi ya picha. Laiti ningalielewa siku ile maana ya ulaini huo, ningaliokoa fedha nyingi.

Sikuelewa. Nilikuwa na mkataba wa kutengeneza mabomba katika nyumba za kupangisha, na msimamizi wa nyumba hizo, mama mmoja mwenye adabu nyingi, aliniuliza kama kampuni yangu iko katika matatizo. Aliuliza kwa upole, lakini macho yake yalikuwa kwenye paa la veni. Wiki ile ile nililipeleka gari katika gereji moja nikalipa dola 1,200. Walipiga msasa juu juu, wakapiga rangi nyeupe iliyong'aa kama kikombe cha kaure. Baada ya miezi kumi na minne rangi mpya ikaanza kutoka, na ya zamani ikiwa imegandana nayo mgongoni. Mkataba haukuongezwa muda. Siwezi kuapa kwamba ni kwa sababu ya rangi, wala siwezi kuapa kwamba si hivyo.

Tuingie basi katika kiini cha mambo. Rangi ya gari si kitu kimoja. Bodi ya chuma ikishasafishwa na kutiwa dawa ya fosfeti, huzamishwa katika birika kubwa na kupitishiwa umeme, ili rangi ya kwanza ijivute yenyewe na kushika kila pembe. Tabaka hili, ambalo aghalabu ni la epoksi na rangi yake ni ya kijivu, ndilo kinga dhidi ya kutu, na viwanda vimekuwa vikilitumia tangu miaka ya 1960. Juu yake huja praima, kisha rangi yenyewe, na mara nyingi mwisho kabisa vanishi angavu. Matabaka yote kwa pamoja hayazidi sana unene wa karatasi ya daftari.

Sasa epoksi ina sifa moja mbaya: haipatani na jua. Hushika chuma vizuri mno, lakini mionzi ya urujuanimno ikiifikia, uso wake hugeuka unga kama chaki. Kazi ya matabaka ya juu, mbali na kupendeza, ni kuifunika isilione jua. Yakiwa membamba mno, au tabaka la katikati likipunguzwa au kuachwa, mionzi hupenya kidogo kidogo mwaka baada ya mwaka. Rangi ya juu yenyewe hubaki nzima na kung'aa, lakini kile ilichokishikilia kimekwisha kuwa vumbi. Ndiyo maana kipande changu kilikuwa laini kwa ndani na hakikuvunjika. Rangi haikuzeeka, iliachiliwa.

Wala jambo hili si geni. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, makampuni makubwa ya magari ya Marekani yaliacha tabaka la katikati katika baadhi ya magari yao na kupiga rangi moja kwa moja juu ya ile ya birika. Magari kwa maelfu yakabambuka, tena si meupe tu bali hata ya buluu na ya fedha, na wenye magari wakafika mahakamani. Miaka mingi baadaye, mwaka 2019, Toyota ilitangaza nchini Marekani kwamba itaongeza muda wa kugharimia rangi katika baadhi ya magari yake meupe, ikieleza kwamba jua linaweza kudhoofisha mshikamano wa rangi na tabaka la chini. Kwa hiyo mtu akikwambia gari lako limebambuka kwa kuwa hukulipaka nta, usimkubalie haraka. Nta ni nzuri, lakini haitibu maradhi yaliyo chini ya ngozi.

Kuhusu dhamana nitasema machache. Hapa Marekani dhamana ya kawaida ya gari jipya mara nyingi ni miaka 3 au maili 36,000, ilhali maradhi haya huchelewa kujitokeza. Ile dhamana ndefu ya kutu nayo huhesabu tundu lililotoboka, haihesabu rangi iliyotoka. Hata hivyo, kabla ya kugusa chochote piga picha, uandike barua kwa muuzaji rasmi, ukataje namba ya bodi, na uulize kama kuna mpango wowote kwa gari la aina yako. Uulize kwanza, kwa maana ukishapiga rangi wewe mwenyewe ushahidi umefutika.

Likikataliwa dai lako, kazi ni yako. Kitu cha kwanza ni kujua ugonjwa umeenea wapi. Mahali panapoonekana pazima, chora kwa wembe mistari michache iliyokatana kama wavu mdogo, ubandike juu yake utepe wenye gundi kali, uukandamize, kisha uuvute kwa ghafla. Vijiraba vikitoka na utepe, rangi hiyo imekwisha kufa ingawa inang'aa. Nilipofanya hivyo katika paa langu, hapakuwa na sehemu iliyosalimika kutoka kioo cha mbele hadi milango ya nyuma. Ubavuni, ambako jua halipigi wima, utepe ulitoka mtupu. Basi paa na boneti vilihitaji kuvuliwa rangi yote, na mbavu ziliachwa kama zilivyo. Gereji ile haikupima, na mimi sikujua kuuliza.

Kisha angalia unachokiona chini ya magamba. Ukiona kijivu, kinga ya kutu bado ipo na unaweza kupanga kazi yako kwa wiki mbili tatu, ila usiiache juani kwa miezi. Ukiona chuma kinachometa, au madoa ya rangi ya chungwa, usingoje. Katika unyevunyevu wa Houston, kama ule wa Dar es Salaam au Mombasa, chuma kitupu hushika kutu usiku mmoja. Na wenzetu wa Maskati na Dubai, ambao jua lao ni kali kuliko la huku na bahari iko karibu, nadhani hawahitaji kuambiwa.

Magamba yaondoe kwa kikwaruzo cha plastiki na hewa ya kompresa, na usisimame mpaka rangi ikatae kabisa kutoka. Hapa ndipo wengi wetu tunaposhindwa, kwa kuwa doa la sahani moja huwa la meza nzima na moyo unavunjika. Ukingo wa rangi nzima uuteremshe kwa msasa wa 80, kisha 180, kisha 320, hadi ukipitisha kidole usihisi ngazi. Ile kijivu iliyogeuka chaki nayo isuguliwe mpaka utokee uso imara. Safisha mafuta, upige praima ya epoksi siku ile ile, halafu praima ya kujaza, msasa tena, na mwisho rangi. Usiseme dukani "nipe nyeupe". Weupe ni wa aina nyingi, na namba ya rangi ya gari lako imeandikwa katika kibandiko kilichomo mlangoni au ndani ya kisanduku cha dashibodi.

Niongeze onyo ambalo kwangu ni zito kuliko uzuri wa gari. Rangi zinazochanganywa na hadena zina kemikali zinazoitwa isosayaneti, ambazo ni miongoni mwa sababu kubwa za pumu ya kazini kwa wapiga rangi. Barakoa ya kitambaa au ya vumbi haizuii mvuke wake. Kama huna vifaa vya kuvutia hewa safi, fanya mwenyewe kazi ya kukwaruza na msasa, ambayo ndiyo ndefu na ndiyo ghali, kisha umlipe mwenye chumba cha kupigia rangi. Mimi nilifanya hivyo. Wikiendi tatu za jasho langu, na dola 700 kwa mpiga rangi. Ni mwaka wa tano sasa, na utepe bado unatoka mtupu.

Wako wanaofunika maradhi kwa plastiki ya kubandika, ile yenye picha na jina la kampuni. Plastiki hiyo hushikamana na rangi. Kama rangi haishikamani na gari, vyote viwili vitaondoka pamoja. Nimeona veni iliyobanduliwa herufi za mwenyewe wa kwanza na jina lake likabaki limeandikwa kwa kijivu.

Mwaka jana kijana mmoja wa Bukavu, aliyehamia huku na familia yake, aliniita nikamtazamie gari la kununua. Veni nyeupe, yenye miaka minane. "Papa," akaniambia, "hii gari iko muzuri, rangi ni mupya." Kweli ilikuwa mpya, na hilo ndilo lililonitia shaka. Nilimwomba muuzaji ruhusa ya kuchora wavu mdogo paani, mahali pasipoonekana. Akakataa. Nikamwambia tutalinunua kwa bei ya gari lililobambuka, au tutaondoka. Alinyamaza kidogo, kisha akapunguza dola 1,500 bila kubishana zaidi, nasi tukajua jibu la utepe bila kuutumia.

Nafikiri pia juu ya wenzetu nyumbani wanaoagiza magari yaliyotumika. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka 8 kuingizwa, na wanunuzi wengi huchagua lile lililokaribia umri huo kwa kuwa ndilo la bei ya chini. Huo ndio umri ambao maradhi haya hujitokeza, na picha za mnada hupigwa kutoka mbele na ubavuni. Mwombeni wakala picha ya paa.

Kijana wa Bukavu alilikwaruza paa lake Jumamosi mbili mfululizo, mbele ya nyumba yangu, mkewe akituletea chai. Chini ya ile rangi mpya tulikuta magamba ya zamani yamelala yote, hayakuguswa hata kwa msasa.